Tundu la Hewa Chumbani kwa Mzazi

Ninyi vijana wa karakana mmenisumbua muda mrefu niwaandikie kazi niliyoifanya kabla macho hayajakataa timazi. Haya, nimekaa. Ila anayetafuta humu habari za vyeo atafute kwingine. Nilianza nikiwa fundi wa meko, dohani na matundu ya hewa, na juzi nilipotia mwiko wangu kwenye gunia nilikuwa bado fundi wa meko, dohani na matundu ya hewa. Ninyi mnafunga viyoyozi na mapangaboi, mnabonyeza, kinapuliza, mnakwenda zenu. Sisi hatukuwa na cha kubonyeza. Joto na baridi tulivipanga kwa ukuta, kwa paa, kwa tundu, na kwa kujua upepo wa mahali pale unatoka wapi.

Mgeni akisikia Kigoma anafikiria ziwa, jasho na dagaa. Apande huku juu wakati wa kipupwe aone. Kasulu asubuhi ya mwezi wa sita unaongea na pumzi yako unaiona, na Kibondo watu huota moto jua likiwa limekwisha kutoka. Mchana wa siku hiyohiyo, ukikaa chini ya bati lisilo na dari, unaiva kama muhogo. Kwa hiyo nyumba ya huku ina kazi mbili kwa siku moja, na mafundi wengi hujenga nyumba ya kazi moja. Wakishamaliza husema hali ya hewa ni mbaya.

Aliyenifundisha ni Fundi Salumu, mtu wa Ujiji aliyeoa Kasulu akabaki. Alikuwa mfupi, mkavu, ana kikohozi cha chokaa na ulimi usiojua kupaka asali. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, nina mke, na tumbaku ilikuwa imenishinda misimu miwili mfululizo. Nilimwendea nikamwambia nataka kazi. Akaniuliza najua nini. Nikamwambia najua kulima tumbaku. Akasema tumbaku nayo imesema hapana, kwa hiyo hujui kitu, na hiyo ni nafuu kwake kwa sababu wanaojua kidogo ndio wanaobomoa nyumba za watu.

Siku ya kwanza alinipeleka kwenye nyumba moja ya watumishi pale mlimani Kasulu. Nyumba nzuri, ya matofali ya kuchoma, ina meko ya ukutani sebuleni, na kila aliyekaa humo alihama akifuta machozi. Fundi Salumu aliwasha kitita cha nyasi mbichi mle mekoni, akaniambia kaa hapa uangalie moshi, akafunga mlango, akaenda kula. Alikula taratibu, na nadhani aliongeza na chai. Aliporudi macho yangu yalikuwa mekundu kama ya mlevi. Akauliza moshi umefanya nini. Nikamjibu umetoka mekoni ukanijia. Akasema hilo hata mbuzi angemwambia, yeye anataka kujua umegeukia wapi. Akawasha tena, akakaa nami, akakohoa nami, mpaka nikaona: moshi ulipanda vizuri, ukafika kwenye koo la dohani, pale panapotakiwa kuwa pembamba, ukakuta uwanja, ukazubaa, ukarudi. Aliyejenga alidhani tundu pana hupitisha moshi mwingi. Tulilibana koo, tukainua dohani ipite mgongo wa paa, na moshi ukaondoka bila kuaga.

Kazi hiyo aliiita kuuliza moshi. Hakukabidhi nyumba hata moja bila kuuliza moshi, asubuhi kukiwa kimya na alasiri upepo ukivuma. Vifaa vyake vingine vilikuwa hivihivi mnavyovijua: mwiko, timazi, pimamaji, kamba, karai. Ila pembeni ya gunia kulikuwa na nyasi zilizoloweshwa kila siku, na mimi ndiye niliyezilowesha. Saruji hakuitia mekoni. Alisema saruji ni mtu mwenye hasira, ukimpasha moto anapasuka. Tulitumia udongo wa kichuguu, mchanga wa mtoni na nyasi zilizokatwakatwa, tukaukanyaga kwa miguu mpaka unashika kidole. Meko niliyoyajenga kwa udongo huo yapo mpaka leo. Niliyojenga kwa saruji, kwa sababu mwenye nyumba aling'ang'ania, msinionyeshe.

Kuna wakati tuliitwa Manyovu, kwenye nyumba moja karibu na mpaka, dohani imekufa kabisa. Fundi Salumu akauliza moshi, na moshi ukajibu kwa nyuki. Walikuwa wamejaa dohani nzima. Tulikimbia mpaka kwenye migomba ya watu, yeye mbele pamoja na kikohozi chake. Asali tuliila wiki nzima, ina ladha ya masizi. Nawaeleza hili mapema kwa sababu baada ya hapa hakuna la kuchekesha.

Katikati ya miaka ya sabini watu walikuwa wamehamia vijiji vipya, nyumba kwa mistari, na katika kijiji kimoja upande wa Kibondo tulipewa kazi ya kumalizia nyumba za bati. Kijiji sitakitaja. Ukuta ulikuwa wa matofali mabichi, juu bati, na kazi yetu ilikuwa dari za matete yaliyokandikwa udongo ili bati lisiwachome watu mchana, na matundu ya hewa juu ya ukuta, chini kidogo ya dari, mawili kila chumba, kuta zinazotazamana. Joto hupanda likatokea juu. Hewa iliyochakaa nayo hutokea hapohapo.

Sasa mjue watu hawa walitoka katika nyumba gani. Nyumba ya Kiha ya zamani ni ya nyasi kuanzia juu mpaka chini, moto katikati kwenye mafiga, na haina dohani wala tundu. Moshi unapenya kwenye nyasi polepole, unakausha mahindi darini, unafukuza wadudu. Fundi Salumu aliiheshimu sana. Alisema paa lote lile ni dohani, na aliyeibuni hakuhitaji pimamaji. Mtu aliyezaliwa humo hajawahi kuambiwa kwamba nyumba inapumua, kama vile hakuna anayeambiwa kwamba mbuzi anapumua.

Tulifikia kwa Bibi Anastazia, mkunga wa kijiji. Alikuwa amevuka kutoka Burundi miaka michache kabla, wakati watu walipokuwa wanakimbia kuuawa, mjane, hana mtoto. Nyumba yake ilikuwa bado ya nyasi, pembeni ya kijiji, kwa sababu mabati yalianzia kwa wenye familia kubwa. Alikuwa mama wa maneno machache na mikono mikubwa. Fundi Salumu alimtania kwamba yeye ni fundi mwenzetu, anatoa watu kwenye koo la dohani. Alicheka siku ya tatu, tulipokwisha kusahau utani wenyewe. Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi ndani, na akiniita aliniita mwana wanje, mwanangu, ingawa umri wetu haukupishana sana.

Desturi ya huku ni kwamba mama akijifungua hukaa ndani na mtoto, mlango na dirisha vimefungwa, moto unawaka karibu na kitanda bila kuzimika, mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Ni kwa ajili ya baridi, na ni kwa ajili ya macho ya watu. Bibi Anastazia ndiye aliyeuweka moto huo kwa kila mzazi wa kijiji kile. Katika nyumba za nyasi alikuwa ameuweka miaka mingi, Burundi na Tanzania, na hakuna aliyedhurika.

Lakini nyumba mpya zilipakwa udongo mweupe ndani, na kulikuwa na kamati ya usafi iliyopita kukagua. Ukuta wenye masizi ulitangazwa mkutanoni mbele ya watu wote, pamoja na jina la mwenye nyumba. Watu wakaacha kuni chumbani, wakahamia mkaa, kwa sababu mkaa hauchafui ukuta. Mkaa hautoi moshi, na mtu wa huku alikuwa amezoea kuwa moshi ndio unaomwambia fungua. Tena kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kikali. Tulipita kuomba maji tukaona matundu yetu yamezibwa kwa majani ya migomba, kwa matambara, kwa udongo. Fundi Salumu aligomba nyumba kwa nyumba. Walimsikiliza kwa adabu, wakasema ndiyo fundi, na alipoondoka wakaziba tena. Ndivyo tulivyo. Hatubishani na mtu mzima, tunamsubiri aondoke.

Kwanza alikufa mtoto wa fundi cherehani, mchanga, hana hata jina. Mama yake alitapika siku mbili, kichwa kikimuuma, akapona. Watu wakanong'ona. Wiki chache baadaye akajifungua Sesilia, mke wa Filimoni.

Filimoni alikuwa mwalimu wa kwaya, mpole, mrefu, watoto wanne na huyu wa tano. Uchungu wa Sesilia ulikuwa mrefu. Mtoto alizaliwa jioni, wa kike, na Bibi Anastazia aliweka moto wa mkaa, akafunga mlango na dirisha kama siku zote, akaja nyumbani kulala kwa sababu alikuwa hawezi kusimama. Filimoni alilala sebuleni na watoto wakubwa. Asubuhi alipeleka uji akakuta mkewe na mtoto wamekwisha kupoa, mtoto bado yuko kwenye titi la mama yake. Watoto waliokuwa sebuleni waliamka na vichwa vizito tu.

Walizikwa siku hiyohiyo. Makaburini nilisikia kwa masikio yangu fundi cherehani akisema Warundi wamekuja na vitu vyao. Wanaume walianza kusimama wawili wawili. Huku kwetu, kipindi kile, mtu akishaitwa mchawi na watu wanaosimama wawili wawili, nyumba yake ya nyasi hailali bila kuchomwa moto.

Filimoni alichukuliwa kwa kaka yake, nyumba ikabaki tupu. Fundi Salumu alichukua ngazi. Tuliingia watatu, yeye, mimi na Bibi Anastazia, mkaa umebaki majivu meupe kwenye sufuria iliyotobolewa. Ukuta wa chumba ulikuwa mweupe kabisa, safi, kamati ingeusifu. Fundi Salumu alipanda kwenye tundu la mashariki, akachomoa majani ya mgomba na udongo mkavu. Akahamisha ngazi kwenye tundu la magharibi, akavuta kitu kilichokuwa kimesokomezwa kwa nguvu, kikatoka polepole. Lilikuwa shati la buluu. Kijiji kizima kililijua, ndilo alilolivaa Filimoni Jumapili akisimama mbele ya kwaya. Alikuwa amekosa tambara linaloenea akatoa nguo yake nzuri, kwa sababu upepo wa magharibi ulikuwa unampiga mtoto.

Mimi nilifurahi, na nasema hivyo bila kujificha. Nilimwona Bibi Anastazia amepona. Nilishika mkono wake nikamwambia kesho mkutanoni tutawaonyesha shati hili na maneno yatakwisha. Fundi Salumu akasema ndiyo, tutawaambia mkaa unakula hewa, aliona Ujiji wachoma chokaa wawili wakifa hivihivi ndani ya kibanda.

Bibi Anastazia alilichukua shati mkononi mwake. Akalikung'uta udongo, akalikunja, akaliingiza chini ya kanga yake. Kisha akasema kwamba kesho atasimama yeye, aseme matundu aliyaziba yeye.

Fundi Salumu alikasirika mpaka kikohozi kikamkamata. Alimwambia hao watu wanataka kumchoma. Bibi akamjibu, na maneno yake nayakumbuka yalivyo.

"Wanamchoma mchawi. Aliyeziba tundu ni mjinga, na mjinga anafukuzwa tu. Wakisikia ni tundu, watafungua ya kwao. Hilo mnalitaka ninyi, na mimi nalitaka."

Mimi nikamwuliza kwa nini basi asiseme ukweli, aliyeziba ni nani.

"Mwana wanje," akasema, "tulipokuwa tumejificha kwenye mafunjo, wenye silaha wanapita, mume wangu alimziba mtoto wetu mdomo asilie. Tulivuka salama, watu wengi, ila mtoto hakuvuka. Mume wangu hakufika mavuno. Alitafuta kamba. Huyu Filimoni ana watoto wanne. Watalelewa na nani?"

Fundi Salumu alikaa chini, kwenye kile kitanda, akakumbuka ni kitanda gani akasimama haraka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni mtu wa kusema kweli. Bibi akamwambia basi aseme kweli ya matundu, ile ya mtu amwachie yeye.

Siku ya pili mkutano ulijaa. Mwenyekiti wa kijiji hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwoga, na mwoga akiwa na watu wengi mbele yake ni heri mtu mbaya. Fundi cherehani alisema aliyotaka kusema. Bibi Anastazia akasimama, bila kuitwa, akaeleza kwamba kwao nyumba ni za nyasi, kwamba aliona matundu yanaingiza baridi kwa mzazi akaagiza yazibwe, na mengine akaziba kwa mkono wake. Kwamba hakujua. Kwamba mkaa na tundu lililozibwa ndivyo vilivyoua, na kila mwenye nyumba ya bati aende akafungue leo. Mwenyekiti akamgeukia Fundi Salumu, akauliza kama mkaa unaweza kuua mtu bila dawa ya mtu. Fundi Salumu akaeleza vizuri, kwa ufundi wake wote. Mwenyekiti akauliza na aliyeziba ni nani.

"Mkunga ameshasema," Fundi Salumu akajibu, akakaa.

Mimi nilikuwa namtazama Filimoni. Alikuwa ameketi mbele, kichwa kimeinama, anaangalia miguu yake. Nilimngoja. Nilisema moyoni sasa atasimama, mwanaume mzima, mwalimu wa kwaya, atasimama. Hakusimama. Nilimchukia palepale, chuki ya kweli. Waliamua Bibi Anastazia aondoke kijijini kesho yake kabla jua halijawa kali, na wengine walipiga makofi kwa huruma yao.

Aliondoka asubuhi na mkeka, chungu na furushi. Alituachia maharage yaliyokuwa yameshachemshwa. Nilitaka kumsindikiza, akakataa, akasema nitamwongezea maneno, kazi yangu iko juu ya ngazi. Kwa hiyo sikumwona akitoka kijijini. Nilikuwa ndani ya nyumba ya fundi cherehani, nachomoa matambara ukutani, na mwenye nyumba ananishikia karai akisema alijua tangu mwanzo kuwa mama yule ni mzembe.

Wiki iliyofuata Filimoni alikuja bila kuitwa, akashika ngazi yangu. Alishika ngazi kijiji kizima, nyumba baada ya nyumba, mimi nikipanda na kuchomoa, yeye akipokea matambara chini. Hatukusemeshana. Kipupwe cha mwaka uliofuata, Fundi Salumu na mimi tukiwa tumeshaondoka, alipita peke yake na ngazi ya kuazima. Na mwaka mwingine tena. Watu walisema msiba umemvuruga, lakini walimfungulia.

Sasa somo lenu, kwa kuwa mmeniomba. Baada ya kijiji kile Fundi Salumu hakujenga tena tundu ambalo mkono unalifikia. Tulifinyanga mabomba ya udongo, tukayachoma tanurini, tukayapitisha ndani ya unene wa ukuta yakipinda kama kiwiko, mdomo mmoja chini nje, mwingine juu ndani nyuma ya ubao wa dari. Upepo haumpigi mtu, na mwenye nyumba haoni pa kuziba. Halafu katika chumba cha kulala tulijenga meko madogo ya pembeni, yenye dohani yake nyembamba, usawa wa kitanda, ya kuni, na ukuta wa pale tuliuacha bila kupakwa rangi ili usione aibu ya masizi. Wenyeji waliyaita meko ya mzazi. Tuliyajenga Kibondo na Kasulu mpaka Rungwe Mpya, miaka yote ile iliyobaki ya sabini, na baada ya kifua kumchukua Fundi Salumu niliendelea peke yangu. Mkimfungia mtu chombo chochote cha joto, msimwulize anataka joto kiasi gani. Angalieni ana tambara gani, na mjue atalisokomeza wapi. Ukimwambia tu usizibe, hujafanya kazi, umehubiri.

Filimoni alinieleza mwenyewe, miaka mingi baadaye, tulipokutana hospitali anangoja vipimo vya macho na mimi nangoja vya kwangu. Alisema alijua. Tangu alipoona chumba asubuhi ile alijua, na mkutanoni alikuwa anahesabu pumzi zake ili asimame, na miguu ikagoma. Siku ile mkunga anaondoka alitangulia na baiskeli, akamngoja ng'ambo ya mto ambako watu hawaoni. Akapakia mkeka na chungu, wakaenda hivyo mpaka mpakani, yeye akisukuma, mama akitembea. Walipofika alimwambia atarudi akawaeleze watu wote. Bibi Anastazia akafungua furushi, akampa shati lake, limefuliwa. Akamwambia, "Ukisema, nitakuwa nimeondoka bure." Akaingia kwenye nyumba za watu wa kule, na Filimoni hakumwona tena, ingawa alirudi mara kadhaa kuuliza.

Chuki yangu nilikuwa nimeibeba muda mrefu kiasi kwamba sikujua niiweke wapi. Nilimwambia pole. Akasema hapana, pole hiyo si yake.

Alikufa mwaka jana, na watoto wake wanne wamemzika, wote watu wazima wenye watoto wao. Kule kijijini wazee bado wakitaka kumtisha mkunga mzembe wanamtajia Anastazia. Hilo ndilo lililonifanya nikubali kuwaandikia ninyi, maana mimi ndiye niliyebaki ninayejua. Bibi Anastazia hakuziba tundu lolote. Lakini sikuona haki kuandika kabla ya kumwambia Yusta, binti mkubwa wa Filimoni, ambaye siku zile alikuwa mtoto wa kubeba wadogo zake mgongoni na sasa ana duka la dawa za mifugo hapa Kasulu. Nilimkuta anapanga chupa. Nilimweleza yote, la shati, la mkutano, la mpakani. Aliendelea kupanga chupa mpaka zikaisha, akabaki na mikono juu ya kaunta.

"Sisi ndio tuliomsindikiza, mzee," akasema. "Watoto wote, mpaka mtoni. Tulimwimbia mkunga wa mkaa, rudi kwenu. Niliyeanzisha wimbo ni mimi."

Nilimwuliza yule mama alifanya nini.

"Aligeuka mara moja tu. Akaniambia nimfunike vizuri mdogo wangu mgongoni, kuna baridi."